Kona ya Pedali: Nakanyaga kila siku, mbona sisogei?

Maswali ya safari hii yanafanana kweli, karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, yaani kwenye mazoezi ya baiskeli niende polepole masaa mengi au niumie dakika chache. Barua nimezifupisha kidogo, majina mmeniletea ya utani nami nimeyaacha hivyo hivyo.

Kocha habari za kazi. Naendesha mara tano kwa wiki, asubuhi kabla ya kazini napiga kama saa moja hivi Bagamoyo Road, Jumamosi tunatoka na kundi mpaka Bagamoyo kwenyewe. Kila siku narudi nimeloa chapachapa lakini spidi yangu kwenye Strava (ile app ya kurekodi safari) ni kilomita 28, 29 kwa saa, ipo hapo hapo tangu mwaka jana. Kwenye kundi wengine wananiambia ongeza intavo (vipande vifupi vya kasi na mapumziko katikati), wengine wanasema punguza kasi tafuta masaa. Nimsikilize nani? (Miguu Mizito, Mbezi)

Miguu Mizito, kwanza hongera, kuamka alfajiri mara tano kwa wiki kwenye Dar hii si mchezo. Jamaa zako wote wanakwambia kitu cha kweli ila inaonekana hakuna aliyekaa akaangalia unavyoendesha. Mi nikisoma barua yako namwona mtu mwenye mwendo mmoja. Jumatatu ule ule, Jumatano ule ule, Jumamosi ule ule ila mrefu zaidi, unahema kiasi, unachoka kiasi, na mwili ulishaizoea hiyo dozi kitambo kwa hiyo hauna sababu yoyote ya kubadilika.

Iko hivi. Mwili una mistari miwili. Wa kwanza ni pale pumzi inapoanza kubadilika, ukiwa chini yake unaweza kupiga stori na mwenzio mpaka Bagamoyo. Wa pili uko juu zaidi, ukiuvuka huo misuli inazalisha laktiki haraka kuliko mwili unavyoweza kuitumia na kuiondoa, na kuanzia hapo dakika zako zinahesabika, mtu mwenye mazoezi akikaa kwenye mstari wenyewe anaweza kushikilia kama saa moja hivi akavuka ni dakika tu. Chini ya wa kwanza ndo taratibu, juu ya wa pili ndo kasi, na pale katikati ndo unapoishi wewe na watu wengi ninaopishana nao barabarani.

Kujua uko wapi huhitaji kununua kitu. Tumia salamu. Ukimkuta mzee pembeni ya barabara mpe shikamoo, muulize habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, za tangu juzi, zote mfululizo. Ukizimaliza na bado una maneno mdomoni uko chini ya mstari wa kwanza. Ukisema "shikamoo mzee, habari za..." alafu ukavuta hewa kabla ya kumalizia, umeshavuka. Na ukiweza kuinua kidole tu basi hiyo ni intavo, mzee atakusamehe.

Sasa kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Stephen Seiler aliyehamia Norway miaka ya 90, yeye anasimulia kwamba huko alimwona mwanariadha wa kuteleza kwenye theluji anakimbia msituni, alivyofika kwenye kilima akaacha kukimbia akapanda kwa kutembea. Seiler akashangaa, huyu si bingwa, mbona anatembea? Baadaye alivyochimba rekodi za mazoezi za watelezaji, wapiga makasia, wakimbiaji na waendesha baiskeli wa daraja la juu akakuta kitu kinajirudia, katika mazoezi kumi karibu nane ni ya taratibu na mawili ndo ya kuumia. Hapa watu wengi wanakosea, hayo ni mazoezi yaani idadi ya siku, sio masaa. Ukihesabu kwa masaa ile kasi inashuka mpaka karibu asilimia 10 maana hata siku ya intavo yenyewe dakika nyingi ni za kupasha na kupoa.

Kwa nini wapole hivyo wakati wana uwezo? Kwa sababu mwendo wa taratibu unafanya kazi isiyoonekana, mishipa midogo midogo ya damu inaongezeka kwenye misuli, mitokondria ambayo ndo vinu vya nishati ndani ya seli zinaongezeka, ujazo wa damu unapanda, na mwili unajifunza kuchoma mafuta ili wanga ubaki wa kwenye kilima. Kasi nayo inaulazimisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo na inaamsha zile nyuzi za misuli ambazo ukienda polepole zimelala tu. Kwa sehemu kubwa faida za taratibu na za kasi zinakutana mbele, ila bei yake haifanani. Seiler na wenzake mwaka 2007 walipima wanariadha baada ya mazoezi tofauti kuona mfumo wa neva unachukua muda gani kutulia, chini ya ule mstari wa kwanza ulitulia fasta, ukivuka tu unachelewa, na kuchelewa huko hakukutofautiana sana kati ya waliofanya katikati na waliofanya juu kabisa. Umeona hapo? Ile "kasi kiasi" yako ya kila asubuhi unailipia bei ya intavo na unarudi nyumbani bila intavo. Ndo maana miguu mizito, jina umejipa mwenyewe na umelipatia.

Sisemi katikati ni sumu. Mashindano mengi yanaendeshwa hapo hapo katikati, na wapo makocha wazuri wanaopendelea piramidi, taratibu nyingi, katikati kiasi, juu kidogo kabisa, na waendesha baiskeli wengi wa kulipwa ukiangalia wiki zao ndo zilivyo. Tatizo ni kuwa hapo kila siku kwa bahati mbaya.

Cha kufanya. Asubuhi tatu kati ya tano ziwe za salamu ndefu, hata kama spidi itashuka mpaka 23 na wale vijana wenye baiskeli za maziwa wakakupita, waache wapite. Jumanne ifanye ya kuumia, pasha dakika 15, alafu dakika 4 kali mara nne na katikati dakika 3 za kukanyaga hewa. Dar hatuna milima ya maana ila kale kapandio ka Wazo kanatosha, na kama ni mbali tafuta kipande kirefu unachopigwa na upepo usoni, upepo ni mlima wa bure. Fanya kabla magari hayajaamka tafadhali, na sio njia ya mwendokasi, nawaona.

Jumamosi ndo ngumu kwako, na sio miguu, ni kiburi. Kundi likitoka Mbezi linaanza vizuri, mtu mmoja anaongeza kidogo, wa pili hakubali, Bunju hiyo kila mtu yuko mdomo wazi. Ukitaka hiyo Jumamosi iwe siku yako ya pili ya kuumia, sawa, iwe hivyo, ila Ijumaa na Jumapili usiguse kasi. Ukitaka iwe ya masaa basi kaa nyuma, na mtu akichomoka mwache aende zake, mtakutana Bagamoyo kwenye chai.

Na joto. Ukivaa kifaa cha mapigo ya moyo utaona saa ya kwanza uko 132, saa ya pili nguvu ile ile ya miguu lakini inasoma 145. Hujadhoofika, damu inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili, jasho limepunguza maji, moyo unapiga haraka kufidia. Kwenye unyevu wa pwani hiyo ni kawaida, kunywa maji, punguza kidogo, usianze kulaumu kifaa. Nipe wiki nane alafu niandikie tena.

Kocha niaje. Mimi ni wa Rongai. Mwaka jana nilisikia hii story ya zoni tu (zone 2, ule mwendo wa taratibu) kwa podikasti, ati hata Pogačar, bingwa wa dunia wa baiskeli, hufanya hiyo peke yake, nikaamua hakuna kusukuma tena. Miezi mitano nimeendesha polepole, mapigo chini ya 135, kilomita nimepata mob sana. Lakini tukitoka Magadi tukirudi kupanda Kona Baridi wananiacha ni kama nimesimama, hata wale walikuwa nyuma yangu kitambo. Nimepoteza wakati ama? (Polepole, Rongai)

Poa kabisa Polepole. Haujapoteza, ila umejenga nyumba mpaka kwenye renta ukahamia kabla ya kupiga bati. Hiyo miezi mitano ipo mwilini, na ndo itafanya kinachofuata kishike haraka, kwa hiyo usiitukane.

Hiyo podikasti nadhani ilikusimulia nusu. Ni kweli Iñigo San Millán, aliyekuwa kocha wa Pogačar mpaka mwisho wa 2023, ni mtu wa zoni tu na ndiye aliyeipigia debe kuliko wengi. Lakini Pogačar huyo anashindana siku kama 50 kwa mwaka, na kila siku ya mashindano ni intavo ambazo hakuna kocha mwenye roho ya kukuandikia. Juu ya hapo ana siku zake za kasi. Na polepole yake sio polepole yetu, mimi na wewe tukishikilia mwendo wake wa kupumzikia tutahitaji kubebwa. Kumbuka mashindano ya dunia kule Kigali Septemba 2025, kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, jamaa alibaki peke yake kilomita 66 za mwisho, na katika wanaume wote walioanza walimaliza 30 tu. Masaa sita ya stamina pale yalikuwa ndo kiingilio, kilichotenga watu ni uwezo wa kupanda kwa nguvu kali tena na tena wakati miguu imeshakwisha.

Wewe sasa kiingilio unacho. Anza na intavo mara mbili kwa wiki, usizidishe, wiki sita. Wanorwe tena, maana hawa watu wana baridi na muda, Jan Helgerud na wenzake mwaka 2007 walichukua vijana wakawagawa makundi, waliofanya dakika 4 mara nne kwenye asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda karibu asilimia 7, na wenzao waliofanya kazi ya jumla ile ile lakini kwa mwendo wa wastani au taratibu hawakupanda kitu cha maana. Wale walikuwa wanakimbia, ila moyo haujui kama unakimbia au unakanyaga. Intavo ya pili ya kujaribu ni ya Bent Rønnestad, naye mtafiti wa Norway, hii walipimwa waendesha baiskeli wenyewe waliozoea mazoezi, sekunde 30 kali sekunde 15 nyepesi mara 13 mfululizo, unapumzika dakika 3, unarudia mpaka seti tatu. Ukiisoma inaonekana rahisi. Seti ya pili ikifika nusu utanikumbuka kwa jina.

Kitu ambacho watu wa Nairobi mnapenda kukosea, samahani nasema ukweli, ni kuua ile ya kwanza ili picha itoke vizuri. Ukienda dakika 4 za kwanza kama umeibiwa, za nne utazipanda kwa kuzigzagi. Zote ziwe sawa, na ukimaliza ya mwisho uhisi kwamba ingekuwepo ya tano ungeiweza kwa shida. Alafu hizo 135 umezitoa wapi? Kama ni ile hesabu ya 220 toa umri, hiyo inaweza kukudanganya kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini. Jaribu hivi, endesha peke yako kwa nguvu zako zote dakika 30, chukua wastani wa mapigo ya zile 20 za mwisho, hapo ndo mstari wako wa pili ulipo kwa karibu. Taratibu yako iko mbali chini ya hapo, na salamu zitakwambia umbali gani.

Na ukishuka Mombasa ukakuta jamaa wa kule ana namba za wati (kipimo cha nguvu ya kukanyaga) kubwa kuliko zako msilingane, wewe uko juu ya mita 1,700, hewa ni nyembamba na namba za kuendesha muda mrefu zinashuka kwa kila mtu. Mpe mwaliko aje Ngong.

Kocha habari. Ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi benki hapa Moshi, nina masaa manne kwa wiki na hayo nimeyapigania. Ukiniambia asilimia 80 taratibu mimi nabaki na nini? Na rafiki yangu wa jimu anasema tabata, yale mazoezi makali ya sekunde chache chache, dakika nne inatosha, hata baiskeli niuze. (Mama Wawili)

Dada usiuze baiskeli. Hiyo tabata ya jimu, ya kuruka ruka na muziki, imebaki na jina tu. Izumi Tabata na wenzake kule Japani walichapisha utafiti wao 1996, na walifanya kwenye baiskeli ya maabara, sekunde 20 kazi sekunde 10 pumzika mara saba au nane, kwa nguvu ya asilimia 170 ya ile inayomaliza uwezo wako wa oksijeni. Yaani ukimaliza ya nane hushuki, unaangushwa. Tena walifanya siku tano kwa wiki na moja kati ya hizo walikuwa wanaongeza nusu saa ya mwendo wa wastani. Ilifanya kazi, sikatai, pumzi ilipanda na nguvu za ghafla zikapanda, ila wale waliokanyaga saa nzima kwa wastani nao pumzi yao ilipanda vizuri tu. Na hakuna hata mmoja aliyepelekwa kupanda Marangu masaa mawili baada ya hapo.

Kuhusu asilimia, hiyo 80 ilitoka kwa watu wanaofanya masaa 15, 20, wengine zaidi, kwa wiki. Wao wakiongeza kasi wanaungua kwa sababu mzigo wenyewe ni mkubwa. Wewe kwa masaa manne kinachokubana ni muda, uchovu wa baiskeli haujafika huko, kwa hiyo una ruhusa ya kuwa na kasi nyingi kwa uwiano. Mimi ningekupa siku mbili fupi za dakika 45 zenye intavo ndani, na moja ya wikiendi ya masaa mawili na nusu ya taratibu kweli. Hiyo ndefu usiikate ukadhani ni mapambo. Vitu vingine vinakuja tu ukikaa kwenye siti muda mrefu, kula ukiwa unaendesha, mgongo, makalio (ndio nimeandika), na akili ya kilomita ya 50.

Uko sehemu nzuri kuliko hata unavyojua. Ile barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu inapanda bila kukuchosha kwa kona kali, unaweza kupiga dakika 4 ukageuka ukateremka ukarudia, na ukitaka siku ndefu unapanda yote kwa giya nyepesi ukisalimia watu, na Wachaga mnavyopenda habari utachelewa kurudi. Uchovu wa kazini na wa watoto nao ni uchovu. Mtoto akikesha anakohoa usiku, asubuhi intavo hakuna, fanya taratibu au lala. Hilo halihitaji utafiti.

Shikamoo kocha. Nabeba abiria na mizigo kwa baiskeli hapa Kahama, Phoenix yangu haina giya, siku nzima niko barabarani. Nataka kuingia mbio za baiskeli za huku kanda ya ziwa, mara ya mwisho walivyochomoka mwanzoni tu niliachwa nikabaki peke yangu na upepo. Sina saa wala simu kubwa. Nifanye mazoezi gani, na mkisema nipumzike mimi nikipumzika nakula nini? (Mzigo Mzito)

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakwambia kweli, kuna watu wana baiskeli ya bei ya nyumba na hawana stamina uliyonayo wewe. Masaa ya taratibu unayo mengi kuliko wasomaji wote wa ukurasa huu, usiongeze hata kilomita moja. Kilichokuangusha ni kwamba miguu yako haijawahi kuombwa nguvu ya ghafla. Umezoea mwendo wa mzigo, na wale walichomoka kwa mwendo ambao mwili wako hauujui.

Kwa hiyo kasi, mara mbili kwa wiki, bila mzigo, mapema kabla wateja hawajatoka. Saa huna ila nguzo za umeme unazo. Pasha mpaka utoe jasho, alafu nguzo tano unakanyaga kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama kwenye pedali, nguzo tano nyepesi, rudia mpaka mara nane. Siku nyingine tafuta kipande kirefu, nenda kwa nguvu kiasi cha kushindwa kuongea mpaka uhesabu pumzi mia moja na hamsini, pumzika mpaka uweze kusalimia kawaida, rudia mara nne. Ndo intavo hizo hizo za Wanorwe ila hazina betri.

Kupumzika nimekuelewa, sitakwambia ukae nyumbani. Chagua siku ambazo biashara huwa ndogo, siku ya baada ya intavo kama unaweza kukataa mzigo wa saruji ukachukua abiria wa karibu fanya hivyo, na usiku lala, hiyo haina gharama. Wiki ya mashindano acha mizigo mizito siku mbili za mwisho ukiweza. Kula wanga wa kutosha, ugali na maharage viko sawa kabisa, na njiani weka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mfukoni, ni nyepesi, haiharibiki na inakupa nguvu, hao wanaonunua vijiti vya kutafuna vya dola wanapata kitu hicho hicho.

Vitu viwili sio vya mazoezi lakini vitakupa zaidi ya intavo zote. Siti, wengi mnaobeba abiria mnaishusha ili mguu ushike chini. Siku ya mbio ipandishe, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Cha pili usikubali kuwa peke yako. Ukijificha nyuma ya mwenzio kwenye tambarare unaokoa karibu robo hadi theluthi ya nguvu, ndo maana wale wakikuacha mara moja huwapati tena, wao wanapokezana upepo na wewe unaubeba wote. Anza mbele, mstari wa kwanza au wa pili, wakichomoka uwe tayari ndani yao, hizo dakika kumi za mwanzo ukizivumilia mwendo huwa unatulia na hapo masaa yako ya Kahama yataanza kusema.

Assalaam alaykum kocha. Ramadhani nasimamisha kila kitu alafu Shawwal naanza upya kama sijawahi kuendesha. Naogopa intavo nikiwa nimefunga, je nifanye zile ndefu za taratibu peke yake? (Tanga)

Waalaykum salaam warahmatullah. Ni kinyume chake ndugu yangu, ndefu ndo za kuacha. Kuna utafiti wa zamani wa Robert Hickson kule Marekani, miaka ya 80, watu walifundishwa kwa ukali wiki kumi alafu wakapunguziwa. Waliokatwa muda kutoka dakika 40 mpaka 13 kwa siku huku ukali ukibaki ule ule, uwezo wao wa oksijeni ulibaki wiki 15 nzima. Waliopunguziwa ukali walishuka. Ina maana mwezi mmoja wa mazoezi mafupi hautakurudisha nyuma, alimradi ile kali isife.

Zile kali usifanye mchana umefunga, hasa Tanga na jua lile, ni kutafuta kizunguzungu barabarani. Fanya usiku baada ya futari kushuka, masaa mawili hivi, au baada ya tarawehe kama una mashine ya ndani au barabara yenye taa na usalama. Dakika 35 jumla, intavo zako tatu au nne, mara mbili kwa wiki. Ukipenda ongeza nusu saa ya taratibu kabisa jioni karibu na adhana, ili ukishuka tende zipo mezani. Masaa marefu subiri sikukuu ipite, na wiki ya kwanza ya Shawwal usilipe madeni yote Jumamosi moja.

Za haraka haraka

Mzee wa Tabora mwenye miaka 61, shikamoo. Ndio unaweza kufanya kasi, tena umri ukienda uwezo wa juu ndo unaowahi kushuka kwa hiyo unauhitaji. Nenda kwanza ukapimwe presha na moyo, sio utani, alafu fanya mara moja kwa siku nne au tano, vijana wanapumzika siku mbili wewe pumzika tatu au nne. Kifua kikibana simama hapo hapo urudi kwa daktari, usimalizie nguzo.

Aliyeuliza kama anunue pawa mita (kile kifaa cha kupima nguvu ya kukanyaga), hukusema unaendesha mara ngapi kwa wiki. Kama ni chini ya mara nne acha kwanza. Nunua tairi nzuri, helmeti, taa ya nyuma, na hela inayobaki mpe fundi akubadilishie mnyororo, kwa ile picha uliyonitumia huo umeshakwisha.